Banda la kupima saratani kwenye bonanza la chuo: tulikosea wapi?

Waziri wa Michezo
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni waziri wa michezo kwenye serikali ya wanafunzi, chuo kimoja hapa Mwanza, upande wa Nyegezi. Bonanza la mwaka jana tuliweka banda la kupima saratani ya mlango wa kizazi. Wauguzi wawili walikuja bure kabisa. Eneo nilichagua mwenyewe, nyuma ya goli karibu na spika, nikijua ndipo watu wanapojaa. MC naye kila baada ya dakika kumi: "Dada zetu, banda lile pale, nendeni mkapime!" Uwanja mzima unageuka kuangalia nani anakwenda. Mpaka filimbi ya mwisho waliingia watano, na wawili walifuata kivuli. Muuguzi mmoja akafunga chupa yake ya siki, akaniambia, "Waziri, si bora ungetuweka stendi."

Bonanza lingine ni mwezi ujao: fainali ya mpira, netiboli, kuvuta kamba. Nifanyeje? Na fulana za pinki zinasaidia, au ni kula bajeti tu?

Nesi wa Ilemela
Mdogo wangu, kabla ya spika ulikosea umri. Wanafunzi wako wana miaka ishirini na kitu. Kipimo hiki tunawalenga zaidi wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na VVU tunaanza nao mapema, 25. Hao mabinti waliokuwa na miaka 14 mwaka 2018, chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, ilipoanza kutolewa nchi nzima, ndio mko nao darasani. Waambie chanjo haifuti kupima wakifika 30.

Unaowataka siku hiyo ni mama lishe, wafanya usafi, wahadhiri, na mama wenye nyumba mnazopanga. Kazi yenyewe ni fupi: tunapaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, tunasubiri kama dakika moja, tunatazama kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Weupe huo haumaanishi ana saratani. Mara nyingi ni mabadiliko ya awali, na mengi yanatibiwa kwa joto au baridi kali hata siku hiyo hiyo. Sasa hayo nitayafanyia nyuma ya goli? Nipe darasa lenye mlango unaofungwa, kitanda, taa nzuri na ndoo ya maji yenye koki. Aliye kwenye hedhi apewe siku nyingine.

Pinki ni ya matiti, mwezi wa kumi. Usichanganye watu.

Mama Lishe wa Getini
Wanangu, bonanza ndiyo siku ninayouza kuliko zote. Niache wali jikoni nikapime? Wekeni saa 2 asubuhi, kabla sijapakua. Na huyo MC anyamaze, niambieni mimi, nitawaambia wenzangu mpaka soko la Mwaloni. Mwaka juzi nilipima. Siki hata sikuihisi, ila kile chuma cha kufungulia! Baridi yake naikumbuka mpaka leo. Nikamaliza, nikarudi kuosha sufuria.

Refa Mstaafu
Na wavulana wasiachwe wanacheka pembeni. Saratani ya korodani kwetu ni nadra, lakini ikija hupenda vijana wa rika lao. Mapumziko ni dakika 15, mpeni daktari maiki dakika tatu tu: ukikuta kigololi kigumu kwenye korodani, hata kama hakiumi, nenda hospitali. Aongeze na kukojoa damu. Kanda hii kichocho tunacho, na cha kibofu kikiachwa miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Vijana wanaona aibu, wanakunywa dawa za dukani.

Waziri wa Michezo
Asanteni sana. Fulana nimezifuta leo hii, hela inakwenda kwenye pazia na taa. Darasa nimeshapata, lile la nyuma ya maktaba, halina dirisha la upande wa uwanja. MC nimempa kazi ya kukimbiza kuku.

Mama, saa 2 kamili. Shikamoo, na chapati mbili uniwekee.

Mama Lishe wa Getini
Marahaba. Ulipe na zile za wiki iliyopita.