MREJESHO: Wale wageni wa klabu kutoka Ujerumani, Dodoma

Wadau nimerudi. Niliuliza hapa klabu yetu ya kujitolea tuwapokeeje wageni sita wa klabu rafiki ya Ujerumani na bajeti yenyewe kiduchu. Asanteni sana aisee.

Aliyesema waje na treni ya SGR kutoka Dar badala ya kukodi kosta, ubarikiwe, wameshuka hawajachoka kabisa. Kulala majumbani kwa wanachama nako kumekubali, mama mmoja akawapikia ugali wa uwele na mlenda, mmoja mlenda ukamvutikia mpaka kidevuni tukacheka wote na yeye mwenyewe. Ila walichokisifia zaidi ni michoro ya miambani Kolo kule Kondoa, ule urithi wa dunia tangu 2006, mwendo wa kupanda mawe si mchezo, vaeni raba.

Kilichofeli ni miti. Kuna mdau alinionya nisipande kabla ya mvua za Desemba, nikajifanya mjuaji kisa picha na wageni, tukapanda miche 60 shuleni, sasa karibu nusu imekauka na iliyobaki tunaimwagilia kwa zamu na madumu. Mdau, ulisema kweli.