Naomba ushauri: feni ya kupooza oveni haizunguki

Wakuu, nina oveni ya umeme iliyojengewa ndani ya kabati la jikoni. Feni ya kupooza imegoma. Nasemea ile ya juu inayopuliza hewa kupitia upenyo ulio juu ya mlango, siyo ile ya nyuma inayozungusha joto ndani. Hiyo ni nzima kabisa.

Ilianza kwa kukwaruza, kisha ikanyamaza. Sasa nikiwasha, dakika 20 hivi paneli ya vitufe haishikiki kwa moto, halafu oveni inajizima. Ikipoa inawaka tena.

Nilizima umeme kwenye swichi kuu, nikaichomoa kabatini. Mapanga ya feni yalikuwa yamegandwa na mafuta na vumbi. Nimesafisha, ila nikiyasukuma kwa kidole bado ni mazito. Nimepima mota kwa mita, waya wake haujakatika.

Nashuku beringi zimekauka, au swichi ya joto inayoipa feni umeme imekufa. Nitatofautishaje kabla ya kununua kifaa? Na je, kulainisha beringi kunasaidia kweli, au nibadilishe mota nzima? Kwa sasa siitumii, nahofia nyaya na mbao za kabati kuungua.