Baba ana kansa ya ini "ya mchanganyiko", nyumbani tumegawanyika. Naombeni ushauri

Mtoto wa Kongwa

Wakuu, salaam.

Mzee wangu ana miaka 61, ni mkulima na mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa. Alianza kukonda na kulalamika maumivu chini ya mbavu za kulia. Utrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye ini. Kinyama cha kwanza (kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa kwenda kupimwa) kikajibiwa kuwa ni kansa ya seli za ini zenyewe. Tukapewa rufaa ya Dar, kikachukuliwa kinyama kingine, jibu likawa kansa ya mirija ya nyongo. Sasa mpatholojia (daktari anayesoma vinyama maabara) wa tatu ameviangalia vyote viwili, ameandika: kansa ya mchanganyiko, seli za ini na mirija ya nyongo.

Kaka mkubwa anasema madaktari wanabahatisha, mzee arudishwe nyumbani atumie dawa za asili. Shangazi anaamini zimemwingia kansa mbili kwa mpigo na hakuna anayepona hapo. Mimi ndiye ninayekaa naye wodini, na ndiye anayeniuliza, "Mwanangu, wameshajua kinachoniumiza?" Nakosa la kumjibu.

Inawezekana kweli uvimbe mmoja ukawa na aina mbili? Zimetoka wapi? Na atatibiwa kwa dawa ya ipi?

Pwani Tulivu

Pole sana mkuu. Msikilizeni kaka pia. Mjomba wangu alisumbuliwa na ini akatumia miti shamba, akapata nafuu. Mungu amponye mzee.

Hadubini

Pole sana, mkuu. Nafanya kazi maabara ya patholojia, nitajibu upande ninaoufahamu.

Inawezekana, na jibu la tatu halipingi yale mawili. Sindano ya kinyama hutoa kipande chembamba cha upana wa milimita moja hivi kutoka kwenye uvimbe wa sentimita kadhaa. Ikichoma upande wa seli za ini, tunaona seli za ini tu. Ikichoma upande wa pili, tunaona mirija tu. Chini ya hadubini tofauti inaonekana: seli za ini hujipanga kwa tabaka nene, pengine na vitone vya nyongo vya kijani ndani yake, wakati zile za mirija hujikunja kuwa vijitundu vilivyozungukwa na nyuzi ngumu. Tukiwa na shaka tunaweka rangi maalumu: arginase na Hep Par 1 hushika upande wa ini, CK7 na CK19 upande wa mirija. Aliyekaa na vipande vyote viwili mezani amefanya kazi nzuri sana.

Aina hii ni adimu, hukadiriwa kuwa 2 hadi 5 katika kila kansa 100 zinazoanzia kwenye ini. Lakini si ngeni, Allen na Lisa waliigawa katika mafungu tangu 1949. Mwongozo wa WHO wa 2019 unaita mchanganyiko pale tu aina zote mbili zinapokuwa ndani ya uvimbe mmoja.

Zimetoka wapi? Mimba ikiwa changa, ini la mtoto hujengwa na seli ziitwazo hepatoblasti. Baadhi huwa seli za ini, nyingine huwa kuta za mirija ya nyongo. Hata ukubwani hubaki seli chache zenye uwezo wa kwenda kote kuwili, kwenye vijifereji vya Hering, pale seli za ini zinapokutana na mirija. Ini likiumizwa miaka mingi, hizo huamka kukarabati. Moja ikiharibika jeni zake, uzao wake unaweza kushika njia zote mbili. Njia nyingine imeonekana kwa panya: seli ya ini iliyokomaa kabisa inageuka kuwa ya mirija.

Mwaka 2019 watafiti wa China walichapisha uchunguzi wa jeni wa wagonjwa 133. Katika uvimbe uliochanganyika, pande zote mbili zilibeba mabadiliko yaleyale ya jeni, yaani zilitoka kwa seli moja. Mwaka 2022 watafiti wa Hebrew University, Jerusalem, wakaonyesha kwa panya wenye uchochezi sugu wa ini (ini kuwaka na kuumia kwa muda mrefu) kwamba kansa za mchanganyiko zilitokana na seli hizo za ukarabati, na kansa za kawaida za seli za ini zilitokana na seli za ini zilizokomaa. Walipozuia ishara ya uchochezi iitwayo IL-6, za mchanganyiko zilipungua. Hiyo bado ni ya panya, mtu asiwauzie kama dawa.

Mwambie shangazi ni ukoo mmoja wenye matawi mawili. Na mzee mjibu bila woga: ndiyo, sasa wamejua.

Sista Wodini

Naongeza kuhusu matibabu. Swali la kwanza kwa daktari: uvimbe unaweza kukatwa? Upasuaji ndio wenye matumaini zaidi, kama ugonjwa haujasambaa na ini lililobaki lina nguvu. Usipowezekana, hakuna dawa moja iliyokubalika, kwa sababu majaribio makubwa ya dawa za ini kwa kawaida yaliwaacha nje wagonjwa wa mchanganyiko. Wengine hupewa dripu za kemo (dawa za kuua seli za kansa), gemcitabine na cisplatin, kama kwa kansa ya mirija, wengine dawa za kansa ya ini. Ombeni kesi ijadiliwe na jopo, daktari wa upasuaji, wa kansa, wa picha na mpatholojia wakae pamoja. Pelekeni majibu ya vinyama vyote, na muulize kama mzee amepimwa damu vipimo vya AFP na CA 19-9, ambavyo ni viashiria vya kansa hizi.

Maumivu yasisubiri jopo, ombeni dawa leo. Na Pwani Tulivu, nakuheshimu, ila miti shamba mingine huliumiza ini lenyewe. Chochote anachokunywa mzee daktari akijue.

Mama Shani

Mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, je? Huku kwetu Dodoma tunakumbuka mlipuko wake wa 2016.

Hadubini

Sumukuvu huharibu jeni za seli za ini, na ikikutana na homa ya ini B hatari huongezeka sana. Kwa mzee hatuwezi kusema ndiyo chanzo, na asilaumiwe kwa ugali aliowalisha. Alipimwa homa ya ini B?

Mtoto wa Kongwa

Alipimwa, anayo. Hatukuelezwa kama inatuhusu sisi. Wakuu, nimemsomea kaka majibu haya kwa simu. Amekubali tusubiri jopo.

Sista Wodini

Inawahusu. Mama yako, wewe na ndugu zako wote mkapime. Chanjo ya watoto ilianza nchini 2002, waliozaliwa kabla wengi hawana. Asiye na virusi na asiye na kinga achanjwe dozi tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Atakayekutwa navyo chanjo haitamsaidia, aende kliniki aanze kufuatiliwa ini lake. Na mzee mwenyewe, muulize daktari kuhusu dawa ya kuvituliza hivyo virusi kabla dripu hazijaanza, maana kemo inaweza kuviamsha.