Mliowahi kupewa zawadi ya mwanafunzi bora wa Historia, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni, na wakubwa wangu shikamooni. Mdogo wangu anahitimu shahada ya ualimu hapa Moshi, masomo yake Historia na Kiswahili. Idara ya Historia imempendekeza kwenye zawadi za wahitimu bora. Nyumbani wapo wanaosema historia haina ajira, zawadi ya kazi gani. Mimi nimefurahi mno. Mlioitwa mbele siku ya mahafali, mlipewa kwa kigezo gani? Iliwafaa nini baadaye?

Binti Meru, Usa River
Hongera kwake! Mimi nilipewa ya tasnifu bora, si ya GPA (wastani wa alama). Niliandika juu ya Wameru walivyoondolewa Ngare Nanyuki mwaka 1951, Waingereza walipotaka ardhi ile wapewe walowezi. Wengi wanajua Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, alikwenda Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, basi wanaishia hapo. Mimi nilianza na bibi yangu. Alikuwa mtoto wakati ule, lakini nyumba zilivyochomwa anakumbuka, na wazazi wake walivyochanga fedha za kesi anakumbuka. Msimamizi hakunionea huruma: bibi kasema hivi, haya, nyaraka zinasemaje? Ikabidi nishuke Dar, Nyaraka za Taifa, nikakaa na mafaili mpaka macho yakauma.
Siku ya mahafali nilikuja na bibi. Kichwa cha tasnifu kiliposomwa kwenye kipaza sauti, alisimama kabla yangu. Bahasha yenyewe nilishasahau ilikuwa na kiasi gani.

Mwalimu wa Himo
Yangu ilikuwa ya GPA. Cheti na vitabu. Kwenye usaili mkuu wa shule alikisoma kile cheti, akanipa kidato cha tano na sita moja kwa moja. Kwa hiyo ilinifaa.

Mchagga wa Old Moshi
Mimi sikupata. Niliandika juu ya Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani hapa kwetu tarehe 2 Machi 1900. Aliyepata aliandika kuhusu KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wa mwaka 1933, na KNPA, chama cha wakulima kilichoutangulia mwaka 1925. Kazi yake niliisoma na alistahili kabisa: alipekua vitabu vya mahesabu vya chama cha msingi cha kijijini kwao, kahawa ya kila mkulima imo. Ombi langu kwa idara zetu ni kwamba utafiti wa nyumbani uwe na zawadi yake peke yake. Alama za mtihani zina mahali pake, lakini mzee akifariki hakuna mtihani utakaomrudisha aseme. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa Upareni, aliwasikiliza wazee wa kwao, na kitabu chake cha historia ya Wapare kikatoka mwaka 1969. Vijana wetu wanaweza.

Mwanzisha mada
Asanteni sana, nimemsomea yote. Binti Meru, dada yangu, huyu mdogo wangu ameandika juu ya akina mama wa soko la Mbuyuni, na wawili kati ya aliowahoji wameomba nakala. Wewe ulimpa bibi nakala nzima, au ulimwandikia muhtasari wa Kiswahili?

Binti Meru, Usa River
Nakala nzima, ndugu yangu, na muhtasari wa Kiswahili juu yake. Wajukuu humsomea. Mwambie asiwacheleweshee hao mama.