Betri ya miaka mitatu na nusu: nibadilishe au bado?

Probox_Kondele
Wadau, habari za jioni. Gari ni Probox, betri ni saizi ya NS60, ya kujaza maji, ina miaka mitatu na nusu. Kazi yake ni safari fupi fupi hapa Kisumu. Asubuhi stata inavuta kwa uzito, mchana gari linawaka bila shida. Likilala, multimita inasoma volti 12.15 kabla ya kuwasha. Fundi mmoja anasema betri imekwisha, mwingine anasema alteneta haichaji. Nipime nini nisije nikabadilisha kitu kizima?

Fundi_Waya_Nakuru
Ndugu, 12.15 peke yake haitoshi kuihukumu betri. Inaonyesha chaji iko karibu nusu, basi. Betri nzima iliyojaa, ikipumzika, husoma 12.6 hadi 12.7.

Anza na alteneta. Washa injini, taa kubwa na feni, kisha pima kwenye vichwa vya betri. Ukipata 13.8 hadi 14.5, alteneta iachie. Ikiwa chini ya 13.5, angalia mkanda kwanza. Ikipita 15, regyuleta, kile kidhibiti cha chaji, imeharibika na inaichemsha betri.

Halafu chaji usiku kucha kwa chaja ya ampea 4 au 5, ichomoe, iache saa kadhaa. Ukipima papo hapo utaona 13 kasoro ya uongo, washa taa dakika mbili uone inavyoshuka. Ikishatulia, mwenzako apige stata, wewe tazama mita. Isishuke chini ya 9.6. Tafadhali usiruke hatua ya kuchaji: hata betri mpya ikiwa na njaa itafeli jaribio hili, na hapo ndipo watu wengi huuziwa betri wasiyoihitaji.

Dereva_Kakamega
Kabla ya yote hayo, tazama vichwa vya betri. Ule unga mweupe wenye rangi ya kijani unazuia umeme, na stata inavuta vilevile kama betri imechoka. Fungua waya, mwagia kikombe cha maji ya moto yenye kijiko cha magadi ya kuoka, sugua kwa brashi ya waya. Vifuniko vya seli viwe vimefungwa, magadi yakiingia ndani yanaua asidi.

Pima na waya wa bodi, ule wa hasi unaoingia kwenye chuma cha gari. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye chuma cha injini, stata ipigwe. Ukiona zaidi ya volti 0.3, umeme unapotelea njiani. Hapo betri mpya haitasaidia.

Haidromita_Busia
Kwa kuwa ni betri ya maji, una bahati: seli sita zote zinapimika moja moja kwa haidromita, kipimo cha uzito wa asidi. Ikijaa, asidi husoma 1.265 hadi 1.280. Linganisha seli na mwenzake. Moja ikiachwa nyuma kwa zaidi ya 0.050 baada ya kuchajiwa vizuri, imekufa, na haifufuki kwa kuongezwa asidi. Ongeza maji ya betri tu, pleti zifunikwe. Pleti iliyokaa wazi imeshapata salfeti ngumu, ukoko unaozuia chaji.

Joto la Kisumu ndilo linaloua betri, linakausha maji na kula pleti. Baridi ya kule juu Timboroa huja tu kutangaza kifo chake.

Probox_Kondele
Asanteni sana. Vichwa nimesafisha, waya wa bodi volti 0.1, alteneta 14.2. Nimechaji usiku, imepumzika saa sita: 12.42. Stata ikipigwa inashuka hadi 8.6. Seli tano ziko 1.250, ya nne kutoka chanya ni 1.140.

Fundi_Waya_Nakuru
Basi hiyo badilisha, kaka. Seli ya nne ndiyo inayoivuta chini, na alteneta itazidi kuhangaika kuijaza bure.

Dukani angalia tarehe ya kutengenezwa. Iliyokaa rafuni zaidi ya miezi sita iache, isipokuwa wameichaji na unapima 12.6 mbele yao. Chukua NS60 ileile, lakini linganisha unene wa vichwa na upande wa chanya: zipo za kulia na za kushoto, na waya ukilazimishwa upande usio wake unaunguza fyuzi kuu na dayodi za alteneta. Kama gari lingekuwa Demio yenye i-stop (injini hujizima ukisimama na kujiwasha tena), betri ya kawaida isingefaa.

Ya zamani ipeleke, risasi yake ina thamani, wengi hukupunguzia bei. Kufungua, spana namba 10, hasi kwanza. Kufunga, chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza kile kishikilio, mtikisiko hupukutisha pleti. Na baada ya wiki mbili pima tena asubuhi. Ukikuta 12.2 kwenye betri mpya, tafuta kinachonyonya gari likizimwa: milango ikiwa imefungwa, isizidi ampea 0.05. Redio iliyofungwa vibaya ikinyonya 0.3 inamaliza ampea-saa 7 kwa siku, na NS60 ina 45 tu.