Zoezi la ugavi: feri ya Likoni imepotea kwenye ramani. Nianzie wapi kufundisha?

Maalim wa Tudor
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nafundisha usimamizi wa ugavi katika chuo kimoja hapa Mombasa. Muhula huu nimepewa wiki sita niwaingize wanafunzi wa diploma katika mifumo ya taarifa za kijiografia, yaani GIS. Wanafunzi ni 34, kompyuta zinazofanya kazi ni 11, na programu yetu ni QGIS kwa kuwa ni ya bure.

Jumanne niliwapa zoezi. Godauni liko Shimanzi, maduka yametapakaa kisiwani, Nyali, na Likoni ng'ambo ya maji. Yapi yapelekewe mzigo kwanza? Wakalizungushia godauni duara la kilomita 5, na wote wakaandika kwamba Likoni ni karibu mno. Hawakukosea hatua hata moja niliyowaonyesha. Ndipo binti mmoja anayevuka kila asubuhi akainua mkono: "Maalim, feri iko wapi kwenye hii ramani?"

Sikuwa na jibu la kumtosha. Darasa zima lilikuwa linayatazama yale maji kana kwamba ni lami.

Hawa ndio watakaopanga malori na makontena ya mji huu kesho. Nataka watoke wanajua kuisoma ramani, si kubofya tu. Mlio kwenye kazi, nianzie wapi?

Mama Malori, Changamwe
Mwalimu, huyo binti mpe alama zake zote. Mimi napanga safari za malori mwaka wa 14 huu. Dereva simuulizi ni kilomita ngapi, namuuliza atafika saa ngapi.

Kabla hawajagusa kompyuta, wapeleke wakashinde siku moja na dereva na utingo wake. Waandike saa: ametoka getini saa ngapi, ameingia foleni ya feri saa ngapi, ameteremka ng'ambo saa ngapi, kushusha mzigo kumechukua dakika ngapi. Mtoto akishakaa kwenye lori lililozimwa injini pale Likoni jua la saa nane, hatakuandikia tena "karibu mno".

Mpimaji wa Kisauni
Mama Malori amesema kweli. Mimi niongeze feri ilipopotelea. Nadhani barabara zenu mlizichota OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya mtandaoni. Feri imo humo, ila imewekewa alama ya njia ya feri, si ya barabara. Ukichota barabara peke yake, yenyewe inabaki nyuma.

Ichoteni nayo, kisha muiunge na barabara za pande zote mbili. Ncha zigusane kabisa, maana mwanya wa nusu mita unatosha kuikata njia. Halafu ipeni kasi yake. Pale maji ni kama nusu kilomita. Tuseme madaftari yao yameonyesha kungoja na kuvuka ni dakika 40: kasi inakuwa kilomita 0.75 kwa saa. Iandikeni hiyo, mtafute njia ya haraka badala ya njia fupi, na muiangalie programu ikianza kuwapitisha Dongo Kundu, barabara inayozunguka bila feri.

Tena wakague vipimo kabla ya kuchora duara. Ramani ikiwa kwenye digrii, ile "5" inakuwa zaidi ya kilomita 550, na duara linameza Nairobi, Dodoma na Dar es Salaam. Hapa kwetu tumieni UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita: kanda ya 37 kusini, namba 32737 kwenye programu.

Rehema K.
Shikamoo Maalim. Mimi nimemaliza somo kama hilo mwaka jana, chuo kingine. Kilichonifunza ni kukusanya data mwenyewe. Nilipita Kongowea na simu nikichukua sehemu vilipo vibanda vya nyanya, maana kule anwani ni "nyuma ya wauza ndizi, uliza kwa fulani". Kufika nyumbani nikabadilisha latitudo na longitudo mahali, soko lote likatua Uhispania, karibu na Toledo. Nikarekebisha, nikasahau alama ya kutoa kwenye latitudo yetu, 4.05, vibanda vikahamia kusini mwa Ethiopia. Nilikesha, lakini tangu siku hiyo najua kila namba inasema nini.

Na wasikate desimali. Nne zinakufikisha ndani ya mita 11 hivi, na mtu wa mkokoteni anaziona nyanya kutoka hapo.

Maalim wa Tudor
Shukran sana. Basi wiki mbili za kwanza ni madaftari na simu, kompyuta zitangoja. Watatoka watatu watatu, na binti wa Likoni ndiye ataongoza kundi la feri. Mama Malori, jedwali nililowaandalia lina safu moja tu ya muda wa kuvuka. Niongeze ya pili, asubuhi na jioni?

Mama Malori, Changamwe
Tatu, Mwalimu. Ijumaa ina yake.