Acheni kutudanganya kwamba kumfukuza mkuu wa polisi wa jiji ni uwajibikaji!

Wanajukwaa, hili limenichosha. Kila askari wa jiji fulani la Marekani akiua mtu kwa ubabe, sinema ni ileile: meya anaita waandishi, anatangaza mkuu wa polisi kaachia ngazi, watu wanashangilia, mambo yanarudi palepale. Halafu humu mnaandika "wenzetu wanawajibika". Wapi?

Kwanza jueni bosi wake ni nani. Mkuu wa polisi wa jiji ni mkuu wa idara, sawa na wa maji au wa barabara. Kwa kawaida hapigiwi kura, anayepigiwa kura ni sherifu wa kaunti, mtu mwingine kabisa. Penye meya mwenye madaraka makubwa, meya humteua, mara nyingi kwa idhini ya baraza. Penye meneja wa jiji, yaani mtendaji anayeajiriwa na baraza, kwa kawaida meneja ndiye huajiri na kufukuza, na hati nyingi za miji hiyo (hati ni kama katiba ya jiji) zinamkataza diwani kumpa mkuu maagizo moja kwa moja. Kansas City, Missouri ndiyo balaa: polisi wako chini ya bodi ya watu 5, wanne wanateuliwa na gavana, meya ana kura 1, na bili analipa jiji! Los Angeles nako, kanuni za utumishi zilimlinda mkuu hadi ikawa vigumu mno kumtoa. Ilibidi wapiga kura wabadili hati ya jiji mwaka 1992, baada ya askari kumpiga vibaya dereva Mweusi, Rodney King, ndipo ukawekwa ukomo: vipindi viwili vya miaka 5.

Sasa someni ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani kuhusu Ferguson, mji mdogo wa Missouri, ya Machi 2015. Mkurugenzi wa fedha wa jiji alimwandikia mkuu wa polisi mwaka 2010 kwamba askari wasipoongeza kasi ya kuandika faini, mapato ya mwaka unaofuata yatakuwa magumu kupanda. Makarani wa mahakama ya jiji, wanaofuatilia faini hizohizo, walikuwa chini ya mkuu huyohuyo. Bajeti ya mwaka wa fedha 2015 ilitegemea zaidi ya dola milioni 3 za faini na ada, kwenye mapato ya mfuko mkuu (kapu la fedha za kawaida za jiji) ya kama milioni 13. Mkuu akaondoka, na meneja wa jiji pia. Sawa. Lakini bajeti hizo zilipitishwa na madiwani, kwa kura!

Kinachoniudhi zaidi ni nidhamu. Mkuu anamfukuza askari, askari anakata rufaa kupitia chama chake, kesi inakwenda kwa msuluhishi wa nje. Huyu analinganisha adhabu na zilizotolewa huko nyuma. Kama mkuu aliyepita alimsimamisha mwenye kosa hilo siku chache tu, kufukuza kunaonekana kumezidi. Askari anarudi kazini, mara nyingi na malimbikizo ya mshahara. Au idara imechelewesha notisi kupita siku zilizotajwa kwenye mkataba, kesi kwisha. Na mkataba huo hakuusaini mkuu peke yake gizani: wanaujadili watu wa meya au wa meneja, na baraza linaupitisha. Kuna miji iliyolegeza vipengele vya nidhamu kwa sababu haikuwa na hela ya kupandisha mishahara.

Fedha nazo hivyohivyo. Baraza linaidhinisha nafasi za askari ambazo hazijajazwa, kisha mishahara ya nafasi hizo inaishia kulipa muda wa ziada: ushahidi mahakamani, ulinzi wa matamasha, kujaza zamu zenye upungufu. Fidia za kesi miji mingi hulipa kutoka mfuko mkuu au bima, hivyo idara haiumii.

Simtetei mkuu. Sera ya matumizi ya nguvu, upangaji wa zamu, nani anapanda cheo, nani anawafundisha askari wapya mtaani: hayo ni yake, abanwe hapo bila huruma.

Ila akifukuzwa, ulizeni mkataba wa chama cha polisi unaisha lini, diwani gani aliupigia kura, muda wa ziada ulitumika kwa kazi gani, na wangapi waliofukuzwa wamerudishwa. Mwenye mfano wa jiji lililobadili vipengele vya nidhamu kwenye mkataba auweke hapa, na kifungu chenyewe, tukichambue.